Nilivyomsahihisha Marehemu Kiswahili

Najua utatafuta pa kunikamatia, kwa hiyo nikupunguzie kazi mapema. Pombe situmii. Homa sikuwa nayo. Usingizi nilikuwa nao, tena mwingi, lakini niambie wewe, mtu mwenye usingizi anaweza kukaa na mwenzake karibu nusu saa, wakasalimiana, wakataniana, akampa na chapati? Haya yalinipata mimi mwenyewe mjini Stockholm, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Hoteli siitaji jina. Sina ugomvi na wenyewe, na walichonipa ndicho nilichokiomba.

Kwanza ufahamu mimi ni mtu wa namna gani, maana kosa lilianzia hapo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nilifundisha sekondari Morogoro kwa miaka mingi, kisha mambo ya maisha yakanipeleka Sweden, huko juu, mji wa Sundsvall, nikawa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Chaki niliiacha, ualimu haukuniacha. Mtu akisema mbele yangu "kiti yangu", ulimi unatangulia kabla sijaamua: "changu." Tukipata wageni Wakenya, Waganda au Wakongo, mke wangu, Mama Neema, alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze. Wageni wengine hawakurudi tena. Nilijiona natetea lugha, kumbe nilikuwa nakera watu.

Mtoto wetu ni mmoja, Neema. Wakati huo alikuwa na miaka sita. Madaktari wa Sundsvall walimkuta na uvimbe kwenye figo, wakasema apelekwe Stockholm, hospitali kubwa ya Flemingsberg, akapasuliwe. Kituo cha treni cha Flemingsberg kilikuwa bado kipya siku hizo. Wodini waliruhusu mzazi mmoja alale pembeni ya mtoto, akalala Mama Neema. Mimi nikarudi mjini kutafuta pa kulala, na niseme ukweli, nilikuwa nimekufa ganzi. Watu wananisemesha, nawajibu, lakini ni kama mwili unajibu wenyewe na mimi nimesimama pembeni. Sikulia, sikuomba, hata baridi sikuisikia, na ilikuwa Desemba.

Pale stesheni kuu palikuwa na dawati la kuwatafutia wageni hoteli. Binti aliyekaa hapo akanifungulia orodha. Kulikuwa na hoteli yenye kifungua kinywa na bafu ndani ya chumba, ghali, nikasema hapana. Kulikuwa na meli ya zamani iliyofungwa gatini ikageuzwa nyumba ya wageni, unalala kitanda cha juu chumba kimoja na watu usiowajua. Nayo nikasema hapana, kwa sababu nilikuwa nangoja habari za mtoto na sikutaka kuzipokelea mbele ya vijana wenye mabegi mgongoni. Nilitaka bei ya chini na simu ninayoweza kupigiwa wakati wowote. "Ipo moja," akasema yule binti, "dakika tano kwa miguu. Ila chumba kilichobaki hakina dirisha." Nikamuuliza dirisha la nini, na nje kwenyewe kuna giza saa tisa mchana. Akacheka. Mimi sikuwa nimetania.

Ukitaka ushauri wangu, chumba kisicho na dirisha usichukue hata ukipewa bure. Usidhani nasema hivyo kwa ajili ya mashetani. Humo ndani hujui kama ni asubuhi au jioni, na mtu asiyejua saa anakubali mambo mengi.

Mapokezi alikuwepo mama wa Kifini aliyeitwa Aino, mwenye miwani ya kamba na sweta ya kijani. Alikuwa na ule mtindo wa watu wa huko juu wa kusema "ndiyo" kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Nilikuwa nimeshauzoea. Nikamweleza habari ya mtoto. Akaandika, akanifahamisha kwamba vyumba vya chini havina simu, lakini koridoni iko moja ya ukutani. Hospitali wakipiga, yeye ataunganisha huko, nayo italia mpaka niipokee. Kisha akanipa ufunguo. Alisita kidogo kuuachia, au labda hilo naliongeza sasa kwa kuwa najua niliyoyajua baadaye.

Nilishuka ngazi mpaka chini ya usawa wa barabara. Korido ndefu, zulia la kahawia, mabomba ya joto yanapita darini yakigonga kidogo kidogo. Chumba changu kilikuwa cha mwisho. Kitanda, kiti cha mbao, beseni la kunawia, taa moja ukutani. Choo kiko nje. Nikavua viatu mlangoni, nikakaa kitandani, nikakuta sina cha kufanya. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili za jioni. Nikatoka na soksi kwenda kuiangalia ile simu, nihakikishe kweli ipo.

Ilikuwepo. Na chini yake, kwenye kiti, amekaa mtu.

Alikuwa Mwafrika wa makamo, mrefu, amevaa koti zito la kahawia lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kofia kichwani, mkoba wa ngozi magotini, kama abiria. Na humo ndani kulikuwa na joto la kumtoa mtu jasho. Akainua uso, akasema, "Habari ya wewe, ndugu."

Kama hujaishi ugenini hutanielewa. Siku hizo, ukisikia Kiswahili mjini Stockholm unaweza kumfuata mtu mpaka mlangoni kwake. Pamoja na ganzi yangu yote, kitu kilisogea ndani. Nikachuchumaa mbele yake hapo hapo.

"Nzuri, ndugu yangu. Za hapa?"

"Iko tu. Wewe ni mtu ya wapi?"

"Mtu wa wapi," nikasema. Unaona? Hata dakika haijapita. "Mimi Mtanzania. Morogoro."

"Eh. Watanzania." Akatikisa kichwa taratibu. "Kiswahili yenu inatutisha sisi watu ya Uganda."

"Kiswahili chetu. Kinawatisha."

"Umeona sasa? Tayari naogopa."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu madaktari walipotuita ofisini kule Sundsvall. Niamini, alikuwa mtu mzuri. Nimewahi kukutana na watu wenye afya zao wasio na ucheshi hata nusu ya ule.

"Uko hapa siku nyingi?" nikamuuliza.

"Miaka saba."

"Siku saba," nikamrekebisha. Nani anakaa hotelini miaka saba?

Akanitazama kidogo. "Haya, mwalimu. Wewe unajua." Sikushangaa kuitwa mwalimu. Kila niliyemsahihisha ameniita hivyo, wengine kwa heshima, wengine kwa kunikomoa.

"Na chumba chako kipi?"

Akanyoosha kidole kwenye mlango niliotokea. "Ile."

"Kile," nikasema. "Lakini kile ni changu mimi. Utakuwa unamaanisha cha jirani."

"Haya. Jirani."

Mabomba yakagonga. Kisha akasema, "Mtoto yangu iko hospitali."

"Mtoto wangu yuko hospitali," nikamsahihisha.

Akageuka, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hata wewe?"

Hapo nikashindwa. Nilikuwa natengeneza sarufi tu, lakini sentensi ilikuwa ya kweli, na nilikuwa sijamtamkia mtu yeyote kwa Kiswahili. Tangu tulipotoka nyumbani nilikuwa naisema kwa Kiswidi, kwenye madirisha ya wahudumu na kwenye fomu. Nikakaa chini kabisa kwenye zulia. Nikamwambia ndiyo, hata mimi, kesho anapasuliwa, wa kike. Akasema wake pia wa kike. Akasema anangoja simu. Nikasema na mimi nangoja. Tukakaa pamoja, na nilijisikia nafuu, siwezi kuficha.

"Mimi nilimalizika hapa," akasema baada ya muda.

"Umechoka," nikamwambia. "Mtu hamaliziki, anachoka."

"Haya. Nimechoka."

Nilikuwa na chapati mbili alizonifungia Mama Neema kwenye foili. Nikaenda chumbani, nikamletea moja. Akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya mkoba, akasema atakula baadaye. Tulikuwa hatujapeana mikono, na mimi sikulikumbuka hilo. Nikamtakia usiku mwema, nikaingia ndani. Usingizi haukuja. Asubuhi nilipotoka, korido ilikuwa tupu na chapati ilikuwa juu ya kiti, ndani ya foili yake, haijaguswa. Niliudhika. Chapati za Mama Neema haziachwi.

Saa mbili asubuhi walikuja kumchukua Neema. Alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, ameshapewa dawa ya kumlegeza, macho yanaelea. Huyu mtoto hakuwa akijibu Kiswahili. Tukimsemesha anatujibu Kiswidi, kama watoto wote wa huku. Lakini neno moja alilichukua kwangu. Kila nilipotoka nyumbani kwenda zamu, nikiwa nimeshika kitasa, nilikuwa namwambia, "Nakuja, mwanangu." Si ndivyo tunavyosema sote? Mtu anafunga mlango, anaondoka, anasema nakuja. Mwalimu mzima, na hilo sikuwahi kulirekebisha kwenye mdomo wangu mwenyewe. Neema akaelewa kwamba nakuja ndiyo kwaheri. Basi walipoanza kukisukuma kitanda, akanipungia vidole viwili akasema, "Nakuja, pappa."

Nilitaka kumwambia siyo hivyo. Nilifungua mdomo, na mlango wa chumba cha upasuaji ukajifunga.

Saa saba mchana ilifika, bado yuko ndani. Mama Neema akanitazama, akasema, "Baba Neema, leo ni siku ya pili hujalala. Nenda kajinyooshe hata kidogo. Nitakupigia mimi mwenyewe, sitamwachia nesi."

"Siendi popote."

"Ukianguka hapa nitakuwa na wagonjwa wawili. Nenda."

Nikaenda. Usinihukumu. Nilikuwa nimefika mahali ambapo mtu akiniambia simama nasimama, akiniambia nenda naenda.

Hotelini nilifunga mlango kwa ufunguo, nikauacha ufunguo kwenye kitasa, nikavua viatu na koti, nikalala na taa ikiwaka. Sijui nililala muda gani. Nilipofumbua macho, yule Mganda alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha mbao karibu na beseni, koti limefungwa, mkoba magotini.

Nilipaswa kuruka. Sikuruka. Nilimtazama kama unavyomtazama mtu wa nyumbani. Nikautazama ufunguo, upo pale pale kwenye kitasa, upande wa ndani.

"Umeingiaje?" nikamuuliza.

"Mimi sikuingia."

Hilo sikulisahihisha. Halikuwa na kosa.

"Simu italia sasa," akasema. "Inaliaga saa hii. Kila siku inalia, mimi nachukua koti, naenda. Lakini bado sijafika."

Na simu ikalia. Huko koridoni, mlio mkubwa wa simu za zamani, ule unaotikisa ukuta. Akasimama.

"Ni ya mimi," akasema.

"Hapana. Ni yangu."

"Mtoto yangu iko hospitali. Wanasema baba yake akuje."

Ndipo maneno yake yote ya jana yakanirudia, moja moja, kama alivyoyasema yeye na siyo kama nilivyoyatengeneza mimi. Miaka saba. Chumba kile. Nilimalizika hapa. Yule bwana alikuwa amenieleza kila kitu tangu mwanzo, kwa Kiswahili anachokielewa mtu yeyote, na mimi nilikuwa natia alama nyekundu.

Hofu ilikuja, lakini haikuwa ya kumwogopa yeye. Niliogopa ile simu. Nilijua, usiniulize nilijuaje, kwamba akiutangulia mkonga wa simu, habari itakayotoka humo itakuwa ile ile yake ya kila siku, na safari hii itakuwa ya Neema. Na alikuwa ameshapiga hatua moja. Alikuwa karibu na mlango kuliko mimi.

Nikasema kile ambacho wewe pia ungesema. Hata sikufikiri. Nikainua mkono kama unavyomzuia mgeni asijisumbue, nikamwambia, "Kaa tu, ndugu yangu. Nakuja."

Akakaa. Akarudi kwenye kiti kwa adabu, akauweka mkoba vizuri magotini. "Haya," akasema. "Nakungoja. Tutaenda sote kwa mtoto."

Nikampita. Nikageuza ufunguo, nikakimbia na soksi, nikaunyakua mkonga. "Halo," nikasema. Upande wa pili alikuwa Mama Neema, analia, na kwa muda ambao siwezi kuupima sikujua analia kilio gani.

"Baba Neema. Ametoka. Wameutoa wote. Ameamka, anataka juisi."

"Vizuri," nikasema.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Vizuri."

Nilikuwa natazama mlango wa chumba changu niliouacha wazi, na mwanga wa taa uliomwagika juu ya zulia. Ndani ya mwanga ule ilionekana ncha ya kiatu kimoja cheusi, kimetulia. Vyangu vilikuwa vya kahawia.

"Njoo basi," akasema mke wangu. "Anakuuliza."

Nikafungua mdomo nimjibu, neno likagoma. Nikaurudisha mkonga ukutani, nikapanda ngazi.

Aino aliponiona na soksi alisimama. Akaniuliza mtoto vipi. Nikamwambia mzima. Akavuta pumzi ndani, ile "ndiyo" yao. Kisha nikamuuliza, kwa Kiswidi changu cha kiwandani, "Yule Mganda wa chini ana miaka mingapi hapa?"

Aino akavua miwani. Hakuniuliza Mganda gani. Alinisimulia huku akiifuta kwa sweta yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza saa za kifungua kinywa. Miaka saba iliyopita yeye akiwa mgeni kazini, alikaa pale mtu aliyekimbia vita Uganda. Mtoto wake wa kike alikuwa amelazwa, naye alikuwa anangoja habari. Simu ikaja yapata saa kumi jioni, akaiunganisha Aino mwenyewe. Mtoto alikuwa amefariki, wakamwambia baba aje. Akajibu kwa Kiswidi neno moja tu, kwamba anakuja, akaingia chumbani kuchukua koti. Hospitali walipiga tena baada ya muda wa saa mbili kuuliza mbona hajafika. Aino akashuka, akagonga, akafungua. Alimkuta kwenye kiti, amevaa koti na kofia, mkoba magotini, ameshapoa. Madaktari walisema moyo. Waganda wenzake walitoka kitongoji cha Jakobsberg wakaja kumchukua.

"Na kwa nini mlinipa mimi chumba hicho?" nikamuuliza.

"Tulikuwa tumejaa," akasema. "Na wewe ulisema dirisha si kitu."

Nilimwambia sishuki tena. Hakubishana. Alishuka mwenyewe akaniletea viatu, koti na begi, na alipofika juu aliniuliza kama ni mimi niliyekigeuza kiti kikatazama mlango. Nikavaa viatu pale pale kwenye ngazi.

Flemingsberg nilimkuta Neema amelala, mdomo una rangi ya juisi. Nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa moto, mzima, wa mwanangu, na mimi nilikuwa naungoja ule msisimko ambao baba anaupata. Nilisimama pale nikiungoja kama mtu anayengoja maji kwenye bomba. Haukuja. Mama Neema alidhani ni uchovu, akanikumbatia, akaniambia nitalia kesho. Siku zilizobaki nililala kitongoji cha Hallunda, kwa mtu na mkewe, Wakenya, waliotukaribisha kwa wema mkubwa. Mwenye nyumba alisema "hii chai yake iko tamu" na "watoi wangu wako shule" jioni nzima, na mimi nikamsikiliza. Mama Neema alikuwa ameshautega mguu chini ya meza. Haukupata kazi, wala haujapata tangu hapo.

Miaka mingi imepita. Neema ni mtu mzima sasa, anaishi Stockholm, ana kovu ubavuni na hasira za bibi yake mzaa mama. Nilimpeleka shule, nilimwona akihitimu, nilimwona akiolewa. Kila mara watu walilia, na mimi nikasema vizuri. Nampenda, hilo nalijua kichwani kama ninavyojua jina langu. Lakini kuna sehemu yangu iliyotoka kwenye kile chumba na soksi na haijawahi kufika hospitali. Nimezoea. Mtu anazoea hata kiungo kilichokatwa.

Hapa kwetu kuna mchungaji mmoja nilimweleza yote. Akaniambia jambo ni rahisi: rudi hotelini, shuka chini, mwambie yule mwenzako kwamba mtoto wake alifariki, umwombee, apumzike. Nilikutana pia na wazee wa Jakobsberg waliomzika. Wakaniambia alikuwa mcheshi, na alipenda sana kuwatania Watanzania. Nao wakaniambia hivyo hivyo, nenda ukamfungue.

Basi wewe unayesoma, nakuonya mambo mawili tu. Mtu akikwambia habari zake kwa Kiswahili kibovu, mwache amalize, huenda ndicho Kiswahili alichobaki nacho cha kukwambia ukweli. Na unapoondoka, sema naondoka. Usimwahidi mtu kwamba unakuja kwa sababu tu mkono wako uko kwenye kitasa, hujui ni nani anayelichukua neno lako kama lilivyo.

Mimi sijaenda. Nikiwa Stockholm nashuka stesheni kuu, napita upande wa pili wa barabara, sitazami. Neema amechoka kuniuliza sababu. Si kwamba sina huruma, yule bwana namfikiria kila siku saa kumi jioni. Lakini nikishuka zile ngazi nitakuwa nimekuja kama nilivyomwahidi, na yeye atasimama, atauchukua mkoba wake, atasema haya, twende sote kwa mtoto. Na mtoto ninaye mmoja.